Sahihi 500 kwa siku 14: nilivyogombea ubunge Minnesota mara tatu

Marafiki zangu huniita Mheshimiwa. Ni utani tu, maana sijawahi kuwa mbunge wa mahali popote. Nimegombea kiti cha Bunge la jimbo la Minnesota mara tatu, 2016, 2018 na 2022, kwa jina la Chama cha Kijani, na mara zote tatu nimeanguka. Watu hupenda kuniuliza nilianguka vipi. Hakuna hadithi hapo, kura zilikuwa chache. Mimi natamani waniulize nilifikaje kwenye karatasi ya kura, kwa sababu jasho langu lote liliishia huko.

Nilitoka Kisii 2003, nikapata uraia 2012. Naendesha basi la shule kwenye viunga vya kaskazini mwa Minneapolis, upande ambao Wakenya na Waliberia tumejazana kiasi kwamba dukani unga wa ugali na fufu vinakaa rafu moja. Bunge la huku lina wawakilishi 134, na viti vyao vyote hupigiwa kura kila baada ya miaka 2. Vyama vikubwa ni Republican na DFL, ambacho ndicho chama cha Wademokrati wa jimbo hili. Herufi F na L zimetoka kwa Farmer-Labor, chama cha wakulima na wafanyakazi kilichoungana na Wademokrati mwaka 1944. Kabla ya hapo Farmer-Labor kilikuwa chama cha tatu chenye nguvu, kikamweka Floyd B. Olson kwenye ugavana katika uchaguzi wa 1930. Na 1998 Jesse Ventura, mwanamieleka mstaafu, alichukua ugavana kwa tiketi ya chama kidogo cha Reform huku wakubwa wakitazamana. Kwa hiyo mtu akinicheka kwamba vyama vidogo ni ndoto za mchana, namrudisha kwenye historia ya jimbo lake mwenyewe.

Sasa sheria. Mgombea wa chama kikubwa anakwenda ofisini, analipa dola 100, anatia sahihi, anarudi nyumbani kunywa chai. Wa chama kidogo analipa dola 100 hizo hizo, kisha anapeleka sahihi 500 za watu wenye haki ya kupiga kura ndani ya eneobunge lake. Na huruhusiwi kuzikusanya mapema. Dirisha ni wiki mbili tu, mwishoni mwa Mei kuelekea Juni, siku zile zile za kuwasilisha majina. Sahihi iliyotiwa siku moja kabla haina kazi.

Mwaka 2016 nilifanya kosa ambalo nadhani kila mgeni hulifanya. Nilisimama mbele ya duka kubwa na ubao wangu wa kuandikia, nikitabasamu mpaka mashavu yakauma. Watu walitia sahihi vizuri tu. Nilifika 560 siku moja kabla ya dirisha kufungwa, nikajiona nimemaliza. Ofisini karani akaanza kupitia anwani. Huyu anakaa ng'ambo ya barabara, si eneobunge lako. Huyu ni wa mji wa jirani. Huyu ameandika sanduku la posta, anakoishi hajataja. Zikabaki 438. Duka kubwa halina mipaka, watu huja kununua maziwa kutoka kila upande, na mimi sikuwa nimemuuliza hata mmoja anakolala. Mwaka huo jina langu halikuchapishwa. Walionitaka iliwabidi waliandike kwa mkono, na hawakufika mia. Mke wangu, ambaye ni muuguzi na hana muda wa kubembeleza mtu, aliniuliza kama nimeshiba siasa. Nikamwambia bado.

Mwaka 2018 niliachana na maduka nikaenda milangoni. Hapo udereva wangu ukanisaidia. Dereva wa basi la shule anajua barabara zilivyo, anajua nyumba gani ina mbwa mkali, na akijifunza mpaka wa eneobunge haumpotei tena, maana unakatiza katikati ya njia yake ya kila siku. Nilichapa ramani, nikazigawa barabara kwa siku 14, nikajiwekea lengo la sahihi 50 kwa siku ili nifike 700. Ziada ile ni ya kufidia zitakazotupwa. Hilo la ziada ndilo la kwanza ninalomwambia yeyote anayetaka kujaribu.

Ratiba yangu ilikuwa hivi: zamu ya asubuhi inaisha kama saa tatu, ya mchana inaanza saa saba na nusu. Katikati pale nilibisha kwa wastaafu, ambao wako nyumbani na wana hamu ya mazungumzo. Wengine hamu ilizidi. Bibi mmoja alinikalisha dakika 40 akinionyesha picha za samaki aliowavua marehemu mumewe, na sahihi nikaipata ya kwake peke yake. Jioni nilirudi kwa familia zenye watoto. Wikendi ya Memorial Day, sikukuu ya Mei ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa, nilikuwa nimeihesabu kama siku tatu za mavuno, kumbe nusu ya mtaa wamefunga mashua nyuma ya magari wakaenda maziwani kaskazini. Nilibisha milango mitupu mpaka vidole vikachubuka.

Kikwazo kikubwa kuliko mbwa na mbu kilikuwa maandishi madogo kwenye fomu. Anayetia sahihi anaapa kwamba hana nia ya kupiga kura ya mchujo, ile ya vyama vikubwa kuteua wagombea wao, kwa nafasi hiyo hiyo mwezi wa Agosti. Sasa mwambie mtu anayekuona kwa mara ya kwanza, mlangoni kwake, sufuria iko jikoni, aape juu ya Agosti. Wengi walirudisha kalamu. Mwanzoni niliruka maneno hayo nikidhani nawarahisishia. Mwanamume mmoja akayasoma mwenyewe, akanitazama kama tapeli, na alikuwa na haki. Kuanzia hapo nikawa nayasoma mimi, kwa sauti, kabla hawajashika kalamu. Niliwapoteza wachache, lakini waliobaki walinikumbuka.

Dirisha la 2018 liliangukia ndani ya Ramadhani. Kuna msikiti mtaani kwetu, nikaomba ruhusa kwa imamu nikasimama nje, kwenye maegesho ya magari. Mwishoni mwa Mei huku jua linazama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo watu wanafuturu usiku wa kweli. Nilikuja mikono nyuma, Mkristo wa Kisii asiyejua atapokelewaje. Wazee wa Kisomali waliniuliza kwa Kiswahili, "Wewe wa wapi?" Wengi walipitia kambi ya wakimbizi ya Dadaab au mtaa wa Eastleigh, Nairobi, kabla ya kufika Marekani, na Kiswahili chao kinapita cha watoto wangu. Nikapewa sambusa na tende kabla hata ya kutoa fomu. Mzee mmoja aliichukua, akaikagua mbele na nyuma, akasema, "Hii mambo ya mchujo, sisi tutapiga kura Novemba. Leta kalamu." Nikarudi tena siku mbili baadaye. Sahihi 83 zilitoka kwenye maegesho yale.

Majengo ya kupanga nayo yana kisa chake. Meneja wa jengo moja alinizuia getini akisema wachuuzi hawaruhusiwi. Minnesota ina sheria, namba 211B.20, inayokataza kumfungia mgombea mlango wa jengo la makazi ya watu wengi. Nilikuwa nayo mfukoni, imechapwa na kupigiwa mstari. Akaisoma mara mbili, akapiga simu mahali, akanifungulia. Hakunifuata nyuma, ila kila nikitoka kwenye lifti nilimkuta ana shughuli kwenye korido hiyo.

Nilipeleka sahihi 688. Nilipoambiwa zinatosha nilikwenda kukaa ndani ya gari nikalala usingizi, ofisi ikafungwa nikiwa bado hapo nje.

Fedha zilinifundisha tofauti ya nyumbani na huku. Wenzangu walisema, Mheshimiwa, tufanye harambee, tupitishe kikapu. Kikapu hakipiti. Mchango usio na jina ukizidi dola 20 hauruhusiwi kuutumia, kwa hiyo kila noti lazima ijulikane mwenyewe. Binamu yangu wa Nairobi alitaka kutuma pesa kwa simu, nikamzuia haraka: asiye raia wala mkazi wa kudumu wa Marekani haruhusiwi kuchangia, hata senti. Kwa upande mwingine kulikuwa na jambo tamu ambalo hatuna kwetu. Wakati ule mkazi wa Minnesota akimchangia mgombea aliyekubali ukomo wa matumizi, jimbo lilikuwa likimrudishia hadi dola 50. Nilisimama kanisani baada ya ibada, kwenye chai, kueleza hilo, na hakuna aliyeniamini. Walisema hakuna serikali duniani inayorudisha pesa. Mhasibu mmoja akajaza fomu yake kwa kunijaribu tu. Hundi ilipofika sanduku lake la barua, Jumapili iliyofuata nikawa na foleni.

Novemba nilipata asilimia 5 na ushee. Na papo hapo nikapata jina jipya. Kwa Wakenya wenzangu wa DFL nilikuwa "mradi", yaani mtu aliyepandwa na upande wa pili kugawanya kura. Neno hilo tulilibeba kutoka nyumbani pamoja na masanduku yetu. Nililichukia, lakini nikiwa mkweli lina hoja ndani yake. Minneapolis mjini wanapiga kura za madiwani kwa kupanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, tangu 2009, na diwani wa Kijani alikaa humo miaka mingi. Bunge la jimbo halina mpango huo. Anayenipenda mimi na kumwogopa Republican anapaswa kuchagua kati ya moyo na hesabu, na siwezi kumlaumu akichagua hesabu.

Mwaka 2020 sikugombea. Mke wangu alikuwa wodi ya korona na mimi nilikuwa na watoto. Dirisha lilikuwa wazi siku zile zile George Floyd alipouawa, 25 Mei, kilomita chache kutoka kwetu. Sijui kama ningeweza kumbishia mtu mlango wiki ile kumwomba sahihi.

2022 nilijiona mzoefu. Daftari langu lilikuwa na majina, anajali nini, ana mbwa au hana. Kumbe mnamo 15 Februari mahakama ilikuwa imetoa ramani mpya, maana mipaka huchorwa upya kila baada ya sensa. Nilipoifungua kwenye simu niliona theluthi ya mitaa yangu, pamoja na maegesho ya msikiti, imekwenda eneobunge la jirani. Yule bibi wa samaki pia. Nikaanza na mitaa ambayo sikuijua hata kwa basi.

Siku ya 9 msichana mmoja alifungua mlango, akanitazama, akacheka. "Basi la njano, wewe ndiye ulikuwa unatuambia tukae chini kwa Kiswahili." Alikuwa darasa la sita nilipomwendesha mwaka 2016. 2022 alikuwa na miaka 18. Alitia sahihi, akavaa viatu, akanipeleka kwenye nyumba sita za marafiki zake. Siku tano zilizobaki alikuja kila jioni, na alikuwa na ulimi mwepesi kuliko wangu. Tulipeleka 731. Kura zilikuwa asilimia 8.

Mwaka 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alishinda kiti cha Brooklyn Park kwa tiketi ya DFL. Tulisherehekea kama harusi, nami nilikuwepo, na watu watatu kwa nyakati tofauti waliniinamia sikioni: unaona, Mheshimiwa, ungepitia mlango mkubwa. Uchaguzi huo Bunge liligawanyika 67 kwa 67, na kwa wiki kadhaa kila mtu mtaani alikuwa mtaalamu wa thamani ya kiti kimoja.

Kamati yangu ya kampeni sijaifunga. Akaunti ina dola 61 na senti 40. Kila Januari najaza ripoti kwa Bodi ya Fedha za Kampeni: mapato sifuri, matumizi sifuri, salio lile lile. Yule msichana, ambaye sasa ndiye mweka hazina, ananikumbusha kabla ya tarehe 31.