Kumbukumbu ya mradi: mikwaruzo kwenye dirisha la sebuleni

Jumamosi

Fundi rangi alimaliza kuta, kisha akaondoa matone ya rangi kwenye vioo kwa msasa mkavu. Asubuhi huoni kitu. Jua la saa kumi na moja jioni likipiga dirisha, kioo cha kulia kinajaa nyuzinyuzi za duara, na mgeni akiketi kochi la pembeni ndizo anazoziona kwanza.

Kabla ya kununua chochote nimeanza kutenganisha mikwaruzo na uchafu. Maji yetu ya kisima yana chumvi, na yakikaukia kwenye kioo huacha utando mweupe unaofanana sana na mchubuko. Nimelowesha kitambaa kwa siki iliyochanganywa na maji, nikakibandika kwenye kioo kwa muda, nikafuta. Utando umetoka wote. Vidoa vya rangi vilivyobaki nimeviondoa kwa wembe mpya, nikiulaza karibu kabisa na kioo chenye povu la sabuni. Kilichosalia baada ya hapo ni mikwaruzo kweli.

Kipimo ni ukucha. Unaupitisha kwa kukatiza mkwaruzo: usipokwama, kazi inawezekana. Ukikwama, huo ni mtaro, na kuufuta maana yake ni kushusha kioo chote kinachouzunguka mpaka usawa wake. Nimezungushia alama kwa kalamu ya wino mzito upande wa nje, kwa sababu kioo kikishapakwa dawa huoni tena pa kusugua.

Jumapili

Dawa ya meno, kwa kuwa majirani wote wanaiapia na tayari ipo bafuni. Hakuna kilichobadilika. Sikutegemea sana: kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, ambapo chenye namba kubwa hukwaruza chenye namba ndogo, kioo cha dirisha kiko karibu na 5.5, na dawa hiyo imetengenezwa isile jino, lenye ugumu wa takriban 5. Mchanga uko 7, ndiyo maana kufuta vumbi la ujenzi kwa kitambaa kikavu ni sawa na kupiga msasa. Ule mng'ao watu wanaousifia naona ni wa kioo kilichooshwa tu.

Wikendi iliyofuata

Nimepata unga wa oksidi ya seriamu, ule wanaotumia mafundi vioo vya magari. Rangi yake ni ya waridi iliyofifia. Unachanganywa na maji mpaka uwe mzito kama uji wa mgonjwa. Hausugui tu, unashikana kikemikali na uso wa kioo na kuondoa tabaka jembamba sana, ndiyo maana unaacha kioo kikiwa angavu badala ya kukitia ukungu.

Nimefunga gurudumu la sufu iliyoshindiliwa kwenye drili, mwendo wa chini. Hapa adui ni joto: sehemu moja ikipata moto na pembeni kukabaki baridi, kioo hupasuka. Mkono wa kushoto ulikuwa upande wa pili ukipima joto, na kila uji ulipoanza kukauka na kushika gurudumu nilinyunyizia maji. Bila maji usijaribu.

Inachosha mabega. Kwa muda mrefu unafuta, unatazama, nyuzi bado zipo, ila zimepungua ukali. Kishawishi ni kukandamiza pale pabaya zaidi. Ukifanya hivyo unachimba kibonde, na nguzo ya umeme ya nje itaonekana imepinda. Nimetanua duara kila upande, mkono mwepesi.

Jioni, jua likiwa palepale: nyuzi za duara zimekwisha karibu zote. Imebaki michirizi miwili karibu na fremu, ile iliyokwamisha ukucha, na nimeiacha. Ikinikera, fundi vioo atabadilisha kipande hicho. Vioo vya kawaida si ghali kuliko mabega yangu.

Dirisha la jikoni siligusi. Kioo chake ni kile cha kuakisi jua, na unga huu utaondoa tabaka lake kabla ya kufikia mkwaruzo.