Anga lilikuwa rangi gani?

Juzi napanga upya makasha ya filamu za kamera, mwanangu akachomoa kipande kimoja kwenye plastiki yake akakiinua dirishani, ameshika pembeni kama nilivyomfundisha, akaniuliza, mama, mbona hapa anga lina rangi ya chungwa? Nikamjibu haraka haraka kwamba hii ni negativu, kila kitu kinakuja kinyume, penye mwanga panakuwa peusi, na hiyo rangi ya chungwa wameiweka makusudi kiwandani ili rangi nyingine zitoke vizuri picha ikishageuzwa. Akatulia kidogo. Halafu akauliza, "Sasa siku yenyewe anga lilikuwa rangi gani?"

Nikakiangalia kile kipande. Kumbe ni roli ya ile safari ya ziwani na kaka. Nikakosa jibu.

Safari sitaisimulia yote. Mvua ilitupiga siku mbili, kaka akabeba stendi ya kamera njia nzima bila kunung'unika, na mi nilikuwa na roli tatu tu za Ektar 100, filamu ya rangi ambayo Kodak waliitoa 2008, chembe zake ndogo mno na rangi zimekolea, ila inataka mwanga wa kutosha maana ukiinyima tu kivuli kinaingia ubuluu. Siku ya tatu tukaamka kabla ya jua. Kaka akaenda kusimama ukingoni mwa maji kajifunika blanketi hadi masikioni, anatetemeka. Nikapima mwanga kwenye mawe yenye giza, nikaongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili, kwa sababu negativu inavumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua, shata nikaiweka nusu sekunde, nikamwambia usipumue. Na kweli hakupumua. Nikabonyeza, nikavuta mkono wa kusogeza filamu, ukagoma. Ilikuwa fremu ya mwisho.

Hiyo roli nilitaka kuisafisha mwenyewe. Zile nyingine mbili nilipeleka kwa watu wanaosafisha, zilitoka safi tu, ila hii nilitaka ipite kwenye mikono yangu mwanzo hadi mwisho.

Usiku huo naukumbuka vizuri kuliko hata ziwa lenyewe. Bafuni, beseni la maji ya moto, chupa za dawa zimesimama ndani yake kama watoto wanaooga, mi nimeingiza mikono kwenye mfuko mweusi naivingirisha filamu kwenye rili bila kuona chochote, macho nimeyafumba ingawa kuyafumba hakusaidii kitu, vidole vinaisikia ile kingo ikiingia kwenye mfereji, kidogo inakwama, narudisha nyuma, jasho linafanya vidole vinate na naogopa kuigusa filamu yenyewe, halafu ghafla inakubali, inateleza yote hadi mwisho, nikaifunga kwenye tangi. Dawa ya kwanza ya C-41, ndio utaratibu wa kusafisha negativu za rangi, inataka nyuzi 38 kwa dakika 3 na sekunde 15, na haitaki mchezo, kwa sababu filamu ya rangi ni tabaka tatu zilizolaliana, moja inashika buluu, nyingine kijani, ya chini kabisa nyekundu, na ule muda na lile joto vimepangwa ili zote tatu ziende pamoja. Joto likishuka zinaachana njiani.

Nikamimina. Nageuza tangi kila nusu dakika, nagonga kidogo kutoa viputo, macho kwenye saa. Muda ulipoisha nikairudisha dawa kwenye chupa, nikatumbukiza kipimajoto. Nyuzi 34. Maji ya beseni yalikuwa yamepoa na mi sikuyagusa hata mara moja, nilikuwa naiangalia saa tu.

Hapo huwezi kurudi nyuma. Dawa ya pili ndio inayoondoa fedha na kuacha rangi peke yake, dakika sita na nusu, na gesi inajaa ndani mpaka kifuniko kinasukuma kiganja, nikakifungua taratibu ipumue. Nikasuuza. Nilipoitoa filamu ilikuwa bado mbichi, ina ukungu kama maziwa, nikaitundika, nikapiga magoti kuitafuta fremu ya mwisho huku maji yakinidondokea mkononi. Nikamwona kaka, mdogo kama kucha, blanketi na yote. Picha hafifu, lakini yupo. Nililia, na sijui kama ilikuwa furaha au zile nyuzi nne.

Kuskani, yaani kuiingiza picha kwenye kompyuta, ndio kukanichosha. Nilitumia nukta 2400 kwa inchi, fremu ya 35 mm inakupa pikseli kama milioni saba na nusu, zinatosha. Shida ni rangi. Filamu ya slaidi, ile isiyotoka kinyume, unaiweka juu ya mwanga unaona kilichokuwepo, lakini negativu haikuambii, lazima uamue wewe, na programu inakuuliza nyeupe iko wapi au kijivu kiko wapi, na kwenye fremu ile hakuna cheupe hata kimoja, ni maji, mawe, blanketi la rangi ya udongo na anga. Nikilipatia anga, mawe yanageuka mekundu. Nikiyatuliza mawe, anga linakimbilia kijani. Nilikaa nayo wiki nzima kila usiku na kadiri nilivyozidi kuirekebisha ndivyo nilivyozidi kuisahau asubuhi yenyewe, mpaka sasa nikifumba macho naona zile rangi za kwenye kompyuta.

Basi baada ya swali la mtoto nikampigia kaka. Baada ya shikamoo nikamuuliza anga lilikuwaje siku ile. Akafikiri kidogo. "Kijivu, mdogo wangu. Mi nakumbuka baridi." Nilikuwa tayari kuapa kwamba lilikuwa la waridi.

Nina faili tatu za fremu ile na sijafuta hata moja. Nikamwonyesha mwanangu zote, nikamwambia achague ya ukweli. Akachagua ile yenye mawe mekundu, ile ambayo mi naiona imekosewa kuliko zote. Nikamuuliza kwa nini hiyo.

"Hapa mjomba hasikii baridi."