Kadi ya Grafiki kwa Dell ya Ofisini: Nimeshaamua

Kompyuta yangu ya gemu ni Dell OptiPlex 7050, ile ya mnara, mojawapo ya zile zinazoshuka Kariakoo baada ya ofisi za Ulaya kumaliza kazi nazo. Ndani ina prosesa ya Core i5-7500, RAM ya GB 8 na kadi ya grafiki ya GTX 1050 Ti yenye GB 4. Wanaocheza gemu kwa bajeti ya Bongo wanazijua mashine hizi: bei inashikika na zinadumu. Swali la kubadilisha kadi nimekaa nalo muda mrefu, maana kila ninayemuuliza ananitajia kadi anayoipenda yeye, wala haniulizi nimebeba mashine gani.

Na mashine ndiyo inayoamua. Pawa saplai ya OptiPlex hii ni ya wati 240, umbo lake ni la Dell wenyewe, na plagi inayoingia kwenye madabodi, yaani bodi kuu, si ile ya pini 24 iliyozoeleka, kwa hiyo huwezi kuchomoa ukapachika yoyote ya dukani. Tena haina waya hata mmoja wa kulisha kadi. Kadi yoyote nitakayoweka lazima iishi kwa umeme wa sloti, lile tundu inamochomekwa kwenye bodi, peke yake, na sloti inatoa wati 75, basi. Ndiyo maana 1050 Ti ilipendwa sana kwenye mashine hizi tangu itoke mwaka 2016: inatosheka na hizo 75.

Kwa hesabu hiyo RX 6600 imeondoka mezani mapema. Ni kadi nzuri, na iliyotumika inapatikana kwa bei ya kuvutia, lakini inakula wati 132 na inataka waya wa pini 8. Kuna fundi aliniambia atanichukulia umeme kwenye plagi ya SATA, ile ya kulisha diski, kwa adapta, kazi ya dakika tano. Nikamshukuru nikakataa. Plagi ya SATA kwenye volti 12 imepimwa kubeba ampia 4.5, yaani wati 54. Waya wa pini 8 unatakiwa uweze kufikisha 150. Jirani yangu aliwahi kufungiwa adapta ya namna hiyo, akaniletea niitazame: plastiki nyeupe imegeuka rangi ya chai, pini moja imezama ndani kwa joto, na harufu bado ipo. Jamani, kama unasoma hili na umefungiwa kitu kama hicho, zima mashine uikague leo.

Baada ya umeme nikapima mzigo wenyewe. Njia ninayoiamini haigharimu kitu. Fungua gemu kwa ukubwa wa picha wa 1080p, angalia fremu, yaani picha ngapi zinapita kwa sekunde, kisha shusha hadi 720p mahali palepale. Fremu zikipanda, kadi ndiyo iliyolemewa. Zikibaki zilezile, prosesa ndiyo inayokuchelewesha, na kadi mpya haitakusaidia kitu.

Forza Horizon 5, gemu ya magari, ilinijibu bila kificho. Nikipita kwenye mitaa ya Guanajuato, ile ya nyumba za rangi rangi na njia za chini ya ardhi, kadi iko asilimia 99, kumbukumbu yake ya GB 4 imejaa, na kuta za nyumba zinabaki na ukungu hadi gari limeshapita. Nikishusha hadi 720p fremu zinaruka juu. Na kwa kweli gemu hii inataka angalau GTX 970, kwa hiyo 1050 Ti tangu mwanzo inapanda mlima. GTA V ikanijibu kinyume: prosesa yenye kori nne iko asilimia 100, kadi ina nafasi, na katikati ya jiji picha inakwamakwama hata nishushe kila kitu.

Hapo ndipo tunapotofautiana na mdogo wangu. Yeye ni mtu wa GTA, na anasema, "Kaka, hiyo hela iweke, tununue mashine nyingine kabisa." Ana hoja. Microsoft walimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na i5-7500 haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Kwa nini nimvishe mzee suti mpya?

Jibu langu ni kwamba kadi inachomoka. Siku ya kuhama nitahama nayo. Halafu mwezi huohuo wa Oktoba 2025 ndio NVIDIA, wenye kadi yangu, walioutangaza kuwa wa mwisho kwa draiva (programu zinazoiendesha kadi) za kuboresha gemu kwenye kizazi cha Pascal, ambamo 1050 Ti imo. Kinachobaki ni marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Gemu zinazotoka sasa hazitatengenezewa draiva zikiifikiria kadi yangu tena. Na mimi jioni nikitoka kazini nacheza Forza, sichezi GTA.

Zisizohitaji waya zilizobaki ni mbili za kufikiria. RX 6400 ni ya wati 53 na bei yake ni ya chini, lakini inazungumza na madabodi kwa njia nne tu. Kwenye bodi mpya zenye sloti za kizazi cha PCIe 4.0 inavumilika. Bodi yangu ni 3.0, kasi ya njia hizo inakatwa nusu, na kumbukumbu yake nayo ni GB 4 zilezile zinazonitesa sasa. Nimeiacha. Iliyobaki ni RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024: wati 70, haina plagi, na ina DLSS, mbinu ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza ili fremu zipande, ambayo Forza inaikubali. Ukiifuata dukani soma boksi kwa makini, kwa sababu ipo 3050 nyingine ya GB 8 inayotaka waya, na muuzaji mwenye haraka atakwambia ni kitu kimoja.

Bei niliyopewa imezidi laki sita. Inauma, lakini nimekubali, na nitachukua mpya yenye risiti, iwashwe palepale dukani na gemu likimbie nikiwa nimesimama. Kwa ajili ya mdogo wangu nachukua pia kipande cha pili cha RAM ya GB 8, iliyotumika, ili RAM ifanye kazi kwa njia mbili badala ya moja. GTA yake itapunguza kukwama, ingawa kori nne zitabaki kuwa nne. 1050 Ti tumeshaipatia mtu pale mtaani ambaye OptiPlex yake haina kadi kabisa.