Nilivyozimudu ngeli nikiuza dagaa Kirumba

Nilipojiandaa kurudia mtihani wa kidato cha nne nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea, huku mchana nikiuza dagaa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, nilipewa mashauri mawili kuhusu ngeli, yaani makundi ya nomino, na yote mawili yalistahili kutupwa ziwani. Mwalimu wa tuisheni, aliyenitoza elfu kadhaa kila wiki, alisema nifuate maana: watu na wanyama huku, miti kule, vitu pale. Jirani yangu akasisitiza kwamba nitazame mwanzo wa neno tu.

Nilianza na shauri la mwalimu. Mti na mwembe vilitulia katika U-I, ngeli iliyopewa jina kwa viambishi vya kitenzi katika umoja na wingi (mti umeanguka, miti imeanguka), lakini maneno kama mkate na mwezi, ambayo hayahusiani na miti hata kidogo, yalidai kukaa papo hapo, ilhali kasia, ambalo huchongwa kwa mti, lilikwenda LI-YA. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba hizo ni tofauti chache. Chache! Daftari langu lilikuwa na tofauti nyingi kuliko kanuni.

Shauri la jirani lilivunjika kwa namna tamu zaidi. Kivuko na kiboko huanza kwa ki-, na wingi ni vivuko na viboko. Kwa umbo yote mawili ni KI-VI. Yatungie sentensi sasa: kivuko kimeondoka, kiboko ameondoka. Mnyama ana uhai, kwa hiyo kitenzi kinakiacha kiambishi na kufuata maana, A-WA. Halafu chukua kiboko cha kuchapia: kimekatika, vimekatika, kimerudi KI-VI bila aibu. Siku nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu mbele ya wateja.

Tangu hapo kila nomino niliiandikia safu mbili, moja ya umoja na wingi, nyingine ya sentensi fupi yenye kitenzi. Wavu umechanika, nyavu zimechanika. Rafiki amefika, marafiki wamefika: MA kwa umbo, A-WA kwa upatanisho na kitenzi. Neno ndege halibadiliki katika wingi, hivyo kitenzi ndicho huamua. Ya uwanjani imetua, wa mtini ametua. Wateja wangu husema dagaa zimekauka, nami sibishani na mwenye pesa, ila kwenye karatasi niliandika wamekauka.

Swali lililowatoa wenzangu jasho lilitaka nomino zitokanazo na kitenzi kimoja pamoja na ngeli zake. Nilichagua vua: mvuvi amerudi, uvuvi umesitishwa, kuvua kumekatazwa. Kiswahili nilipata B.