Barafu Ilizima Injini Yangu Juu ya Kajiado

Nilipokuwa najifunza urubani, mkongwe mmoja aliniambia: "Barafu ya kabureta ni mambo ya Ulaya, kijana. Hapa tuko ikweta." Kabureta ndiyo sehemu ya injini inayochanganya hewa na mafuta. Hadi leo inaniuma kwamba nilimwamini.

Ilikuwa Julai, asubuhi ya baridi na mawingu. Mimi na shemeji tulikuwa tumetoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Amboseli kwa ndege ndogo, Cessna 172. Juu ya Kajiado, futi 7,500 kutoka usawa wa bahari, mizunguko ya injini kwa dakika ikaanza kushuka taratibu: 2,400, 2,300, 2,100. Nikaongeza mafuta, wapi! Nikavuta kifundo kinachoingiza hewa moto kwenye kabureta, injini ikakohoa vibaya zaidi, ndege ikatetemeka hadi miwani ya shemeji ikaanguka. Nikaingiwa na hofu, nikakirudisha.

Hapo ndipo nilipokosea. Kule kukohoa ni barafu inayeyuka na injini inameza maji yake. Ningevumilia kidogo, pengine ingepona. Na barafu hii haihitaji theluji. Kabureta yenyewe hupoza hewa, kwa hiyo penye unyevu barafu huganda hata nje kukiwa nyuzi 20. Injini ikazima. Nikavuta kifundo tena, lakini injini iliyozima haina joto la kuyeyusha chochote.

Ardhi ilikuwa futi 2,000 chini, dakika tatu hivi. Shemeji akaninyoshea kidole barabara ya Namanga. Nikakataa: malori, na nyaya za stima huzioni mpaka zimekufikia. Nikashika mwendo wa noti 65, kama kilomita 120 kwa saa, nikatafuta moshi. Kwenye boma moja ulikuwa umelala kuelekea magharibi, basi nikageuza pua mashariki, kuukabili upepo.

"Shemeji, fungua mlango, chomeka kiatu!"

Akavua, akachomeka. Kiatu hicho ndicho ninachojivunia kuliko yote. Gurudumu la mbele liliingia shimo la mhanga, likavunjika, ndege ikasimama kwa pua. Mlango wangu ulijikunja ukakwama kabisa. Wake ulikuwa wazi, tukatokea huko. Mzee mmoja aliyekuwa na mbuzi alikuja mbio akatushika mikono, akatuuliza mara tatu kama tu wazima.

Propela mpya na kufungua injini yote vilikula pesa ya gari la mtumba. Fundi hakuona ubovu wowote. Barafu ilikuwa imeshayeyuka.

Siku hizi kila baada ya dakika kumi navuta kile kifundo, hata jua likiwaka, na injini ikikohoa sikirudishi.