Nyuki mwenye saini na nyuki mwenye spana

Mama yangu mpaka leo akiulizwa mwanao alikuwa anafanya kazi gani huko Marekani anajibu "alikuwa jeshini, kitengo cha nyuki." Zamani nilikuwa namrekebisha, mama ni nyuklia, nyu-kli-a, baadaye nikachoka nikaacha, na kusema kweli hajakosea sana, mle ndani ya nyambizi tulikuwa nyuki kweli, tumejazana kwenye mzinga, jua hatulioni na usingizi hatuujui.

Sasa juzi mtoto wa dada yangu kanipigia. Yuko mwaka wa pili chuo, kazaliwa hukuhuku Marekani, anasoma uhandisi wa mitambo, kalkulasi kashamaliza na fizikia ndo anaendelea nayo, na tayari kuna jamaa wa kuandikisha watu jeshini kamkamata. Anamwambia dogo acha chuo, ingia Nevi sasa hivi kama baharia wa kawaida upande wa nyuklia, uofisa utautafutia hukohuko ndani. "Mjomba, we ulipita huko, nifanyeje?" Nikamjibu kwenye simu ovyo ovyo huku natoka zamu, ndo maana nimekaa niandike vizuri.

Kwanza hiyo nyuklia yenyewe. Nyambizi zote za Marekani na manowari zao zote za kubeba ndege zinaenda kwa nguvu ya kinu cha nyuklia, kwa hiyo watu wa vinu wanahitajika kila mwaka na hawapatikani kirahisi, ndo maana yule jamaa anapiga simu kila siku. Uraia lazima, grinikadi haitoshi huku, uwe unaingia kwa mlango wa chini, yaani baharia wa kawaida, au wa juu, yaani ofisa.

Mlango wa chini ndo nilopita mimi. Unafanya mtihani wa kuingia jeshini, ASVAB, ukipata alama za kutosha unasaini miaka 6, unaenda ukuruta kule Great Lakes, Illinois, halafu Goose Creek, South Carolina, na wanakugawa, fundi mitambo, fundi umeme au fundi elektroniki, we unasema unachopenda lakini wanaoamua ni wao. Mi nilitaka umeme nikapewa mitambo. Ukishajifunza fani yako kuna miezi 6 ya darasani, hesabu, fizikia ya kinu, kemia, joto na mvuke, na baada ya hapo miezi mingine 6 kwenye kinu cha kweli kinachowaka, hapohapo Goose Creek au kule Ballston Spa, New York. Alama za kupita ni 2.5 kati ya 4.0, inasikika kama kitu kidogo, subiri ufike. Kinachomaliza watu si ugumu wa masomo, ni kwamba madaftari ni siri ya serikali, huruhusiwi kutoka nayo, yaani ukitaka kusoma unakaa kwenye lile jengo mpaka usiku, unalala, unarudi. Nimeona vijana waliokuwa wa kwanza shuleni kwao wanalia chooni.

Mlango wa juu unataka shahada, na ndani ya shahada hiyo lazima kuwe na mwaka mzima wa kalkulasi na mwaka mzima wa fizikia inayotumia kalkulasi. Ukikubaliwa kwenye makaratasi unaitwa Washington kwenye usaili, wahandisi wa idara ya vinu wanakukalisha unakokotoa hesabu mbele yao, ukimaliza unaingia kwa admirali mwenyewe, admirali kamili wa nyota nne, anaamua yeye. Mila hiyo aliianzisha Hyman Rickover, mzee aliyejenga kitengo hiki chote na kukishika mpaka 1982, alikuwa anamhoji kila ofisa mwenyewe, na kiti cha mgeni miguu ya mbele ilikatwa kidogo ili ukae unateleza huku unajibu maswali. Jimmy Carter naye alipita kwa huyo mzee kabla ya siasa. Ukishapita hapo shule ni zilezile tulizosoma sisi, tofauti ni darasa, na mtu wa nyambizi anaongezewa kozi ya nyambizi kule Groton, Connecticut.

Na hapa ndo nilipomkasirikia yule jamaa wa kuandikisha. Kuna mpango unaitwa NUPOC, ukikubaliwa ukiwa bado chuo wanakulipa mshahara mpaka miezi 30 kabla hujamaliza shahada, huvai gwanda, hufanyi gwaride, kazi yako ni kusoma na kufaulu. Mtoto yuko mwaka wa pili anasoma uhandisi, huyo ndo hasa anayetafutwa, na hajaambiwa hata neno moja! Lakini pia simlaumu sana manake wanaoandikisha maofisa ni watu wengine kabisa, yeye kazi yake ni hao wa chini na ana idadi yake ya kutimiza.

Sasa asije mtu akafikiri nasema mlango wa chini ni wa wajinga. Ngoja niwape kitu kimoja. Mi zamu yangu ilikuwa chini kabisa kwenye chumba cha injini, unazunguka na ubao wa karatasi, kila saa unaandika joto, presha, kimo cha mafuta, unagusa, unanusa. Akaja ofisa mpya, kijana kabisa, ana kadi yake ya kujaza saini za kuthibitisha kwamba mitambo anaijua, manake kwenye nyambizi kila mtu anaanza na kadi, hata ofisa, na saini nyingine anazipata kwetu sisi wa chini. Akanichorea njia yote ya maji ya pampu bila kukosea hata vali moja. Nikamchukua mkono nikauweka juu ya pampu yenyewe. Nikamwambia afande, hii na ile ya pembeni, ipi inaumwa? Akasikiliza wee, hajui. Ilikuwa beringi inaanza kuchoka, geji zote ziko sawa lakini mkono unasikia. Sikumpa saini siku ile. Akarudi kesho yake, na keshokutwa, mpaka akaijua.

Miezi michache baadaye yuleyule ndo alikuwa ofisa wa zamu ya injini, amekaa nyuma ya wale watatu wanaoshika kinu, umeme na mvuke, na kikiharibika kitu jina linaloandikwa ni lake. Na hapohapo anatakiwa ajifunze kuendesha nyambizi yenyewe, ramani, silaha, manake anaandaliwa kuwa kamanda, na kamanda wa nyambizi ya Marekani lazima awe katokea nyuklia. Kwake kinu ni kituo tu cha safari. Mimi nilibaki na pampu zangu, akahama akaniacha nazo. Yeye beji ya nyambizi, pomboo wa dhahabu kifuani, mimi wa fedha. Yeye chumba cha watu watatu, mimi mwanzoni kitanda kimoja tunapokezana, unaingia shuka bado la moto la mwenzio. Mshahara ndo usiseme.

Lakini nilipotoka sikuwa na shahada na bado kituo cha umeme wa nyuklia kilinichukua, sababu ya hii mikono. Kwa hiyo kwa asiye na hela ya chuo wala hamu ya darasa mi naona mlango wa chini ni mzuri sana. Kwa mtu ambaye tayari yuko mwaka wa pili, hapana. Ile ya "utakuwa ofisa ukiwa ndani" ipo kweli, mpango unaitwa STA-21, wenzangu wawili walipata, mi niliomba nikakosa, nafasi ni chache na unashindana na nyuki wenzio ambao wote wana akili.

Basi nikamwambia mpwa wangu atafute mwandikishaji wa maofisa amuulizie NUPOC, yule mwingine amwambie asubiri. Jana kanitumia matokeo ya fizikia, kapata C. Nimemwambia arudi kwanza akae na mwalimu wake, ya admirali tutaongea muhula ukiisha.