Nilivyofundisha ubaguzi kwa kuchora ramani

Swali la mtihani huwa hivi: "Eleza jinsi mandhari inavyojenga dhamira ya ubaguzi." Majibu niliyokuwa nikisahihisha yalifanana kama yamenakiliwa: ubaguzi upo, mifano miwili mitatu, basi. Mandhari inatajwa kwenye utangulizi, kisha haionekani tena. Kwa hiyo tulipofika kwenye "Désirée's Baby", hadithi fupi ya Kate Chopin iliyotoka Marekani mwaka 1893 na inayosimulia maisha ya mashamba ya watumwa huko Louisiana, sikuanza na wahusika.

Nilichora ramani ubaoni: shamba la Valmondé alikolelewa Désirée, shamba la L'Abri la mumewe Armand, kibanda cha mtumwa wa kike La Blanche, kinamasi, na pembeni kabisa, ng'ambo ya bahari, Paris. Nikawaambia wanafunzi wasome upya, na kila mahali panapotajwa waandike nani yuko pale na ana uwezo gani.

Hapo darasa likachangamka. L'Abri ina paa jeusi lenye mteremko mkali, na mialoni imeifunika kama kitambaa cha jeneza. Ndipo Armand anapowatesa watumwa, na ndipo anapomkataa mkewe baada ya mtoto wao kuonekana ni chotara. Mapema Désirée anasema, bila kushuku chochote, kwamba Armand alimsikia mtoto akilia hadi kwenye kibanda cha La Blanche. Safu ya nyuma wakaguna: alikuwa akitafuta nini huko? Wengi huipita sentensi hiyo. Kwangu ndiyo kali kuliko zote.

Kisha nikawapa historia kidogo. Louisiana ilipiga marufuku ndoa kati ya wazungu na weusi tangu 1724, ikiwa bado koloni la Ufaransa. Nikauliza: tukimhamishia Armand Paris, hadithi itabaki? Wakabishana, mpaka mmoja akafungua ukurasa wa mwisho. Mama yake Armand alikuwa na asili ya watumwa, aliishi na mumewe Paris akapendwa, akafia huko. Armand aliletwa shambani akiwa na miaka minane. Damu ni ile ile. Ila L'Abri, rangi ndiyo inayoamua nani anamiliki na nani anamilikiwa.

Hata njia anayoishika Désirée akiambiwa aondoke ilijadiliwa: anaiacha barabara pana ya Valmondé, anakatiza shamba kuelekea kinamasini.

Kengele ilipokaribia, mwanafunzi mmoja akauliza mbona mama yule hakukanyaga Louisiana kabisa. Nikamwambia insha yake ianzie hapo.